Mkulo Unaoitikia Shikamoo

Mwaka wa 1974 chuo kilimpeleka Dina Lushoto kwa mafunzo ya utafiti wa misitu. Siku za kazi alikwea hadi msitu ulio juu ya mji kupima miti, futikamba begani. Jumapili zilikuwa zake: alizurura sokoni, akanunua plamu, akateremka hadi Soni kutazama maporomoko. Njia zote alielekezwa na mama mwenye nyumba, Mwanamwema, kwa sharti moja tu, kwamba asalimie kila anayemkuta.

Mti mmoja mkubwa, mkulo, ulikataa kupimika. Kila akiuzungushia futikamba, ulitoa kipimo kingine.

"Uliusalimiaje?" Mwanamwema alimuuliza jioni, akichambua mboga.

"Nilisema, habari za asubuhi, ndugu."

"Ndugu! Yule ni mama yangu, mwanangu. Tulimzika pale shinani kabla hatujaondolewa kule. Mwamkie."

Kesho yake Dina alisema shikamoo. Mti ukaitikia marahaba, ukatulia, ukapimika. Kisha ukauliza kama Mwanamwema hajambo. Dina akajibu hajambo, akaenda kwenye mti wa pili.

Msitu ule ulikuwa ukatwe, ipandwe misindano. Mti wenye sababu maalumu ungeweza kuachwa, mradi mtafiti aieleze. Mwanamwema aliposikia hayo alimpakulia Dina makande, akakaa akimtazama anavyokula.

"Wengine siwasemei," alisema. "Mama ninaye huyo mmoja."

Jumapili hiyo Dina hakutembea. Alikaa kitandani akipanga maneno, na Jumatatu akamwendea msimamizi wake, Ndugu Anselm.

"Mkulo ule mkubwa unaitikia salamu, ndugu."

"Najua. Hata mimi huuamkia nikipita. Ila masikio yangu mazito siku hizi. Sauti yake ikoje?"

"Nzito. Imejaa," alisema Dina, akidhani anautetea.

"Basi hauna pango ndani." Ndugu Anselm alifurahi kweli. "Wenye pango huitikia kwa mwangwi. Tutaanza na huo."

Majuto ni mjukuu, lakini ya Dina yalizaliwa palepale. Alijaribu kusema kwamba amekosea, kwamba sauti ilikuwa na mwangwi kidogo. Hakuna aliyemsikiliza.

Wapasua mbao walikuwa watu wa adabu. Walivua kofia, wakaamkia kwa pamoja, wakangoja. Walipoitikiwa, wakashika msumeno.

Mwanamwema hakumfukuza mpangaji wake. Aliendelea kumpakulia makande, ila hakumsemesha tena, na Jumapili Dina akitoka alipotea, katika mji ule ule wa barabara moja. Alirudi jua likizama, miguu imejaa vumbi, akala peke yake.

Baadhi ya mbao zake zilitengenezewa meza mpya ya ofisi. Wafanyakazi waliiamkia kila asubuhi kabla ya kuweka mafaili.

Siku ya mwisho Dina aliingia kuaga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," meza ikaitikia. "Mwanamwema hajambo?"

Ndugu Anselm alikilaza cheti cha Dina juu ya meza, akakigonga muhuri.

"Hajambo," Dina akasema.