Vijiko Vitatu vya Jibini

Rasmiya alichovya mkate wa mahindi kwenye chai, akatafuna akiwa ameupa mtungi mgongo. Mtungi ulikaa katikati ya sinia ukinuka, kama ilivyo haki yake. Jibini iliyokuwamo ilimzidi yeye umri: kila mwaka Haja Tafida, mama mkwe wake, aliongeza mpya juu ya ile ya zamani, na tako la mtungi halikuwahi kuonekana tangu Haja mwenyewe aingie nao nyumbani kama bibi harusi. Pale kijijini, nje kidogo ya Sohag, hicho ndicho kitoweo, asubuhi na jioni. Nyama ilikuja na Idi ikaondoka na Idi.

Majirani walishaanza kunong'ona kwamba mkaza mwana anaona kinyaa. Kuusukuma mtungi wa mama mkwe kijijini pale ni sawa na kumtemea mate kizingitini.

Lakini Rasmiya alikuwa anameza vidonge. Tangu amzike mtoto wake wa miezi minne, mumewe yuko Libya anabeba zege, alilala akiutazama ukuta hadi nywele zikashikana. Zahanati ya serikali ilimpa dawa, ikaisha. Ikampa nyingine, nayo ikaisha. Mwishowe wakamtolea kopo la vidonge vya kizamani, ambavyo madaktari wa wenye nazo hufikiri mara mbili kabla ya kuviandika. Vikamwinua. Wiki ya tatu aliamka mwenyewe, akachana nywele, akakanda unga. Hakutaka kurudi kwenye ule ukuta.

Ila Daktari Wagdi alikuwa amemwonya, macho yake yakiwa kwenye simu: asiguse jibini ya kale, samaki wa chumvi, wala maharage ya ful. Vikikutana na dawa hiyo, damu hupanda kichwani, na mtu anaweza kufa.

"Sasa nile nini, Daktari?"

"Vitu freshi. Kuku. Nyama. Samaki wa leo leo."

"Na siku ambazo si Idi?"

Akamwita mgonjwa mwingine.

Haja Tafida aliposimuliwa hayo alicheka akashika mbavu. Alisema ameila jibini ile miaka sitini na kilichokufa ni meno tu. Akauliza kama huyo daktari ana banda la kuku analotafutia wateja. Lakini Alhamisi, alipomsugua mkaza mwana mgongo bafuni, akaiona mifupa ilivyojipanga, kicheko kikamwisha.

Ijumaa akapika mlenda. Akatia vitunguu saumu bila huruma, na kabla ya kuepua akakorogea humo vijiko vitatu kutoka mtungini. Akaonja. Hata yeye hakuitambua.

Rasmiya alikula mabakuli mawili. Haja alimtazama kwa furaha ya mwizi aliyepita getini salama.

Adhana ya alasiri ilimkuta Rasmiya ameshika kisogo. Alisema kuna mtu anampigilia msumari. Akatapika mlenda wote, kisha upande wa kulia wa mdomo wake ukateremka, na maneno yakakoma.

Zahanatini, Daktari Wagdi alimpima presha, akapima tena. Akauliza amekula nini. Haja akamwambia yote, bila kujificha. Daktari akaandika huku akisoma kwa sauti: "Mgonjwa alikaidi maelekezo."

"Hakukaidi. Nimemlisha mimi, naye hakujua. Andika mimi."

"Fomu haina nafasi ya mama mkwe, Haja."

"Chora mstari, bwana mkubwa. Kalamu si unayo?"

"Nenda kwanza ukatafute dawa ya presha. Hapa imeisha."

Haja Tafida akatoka na viatu vyake vya plastiki, mbio, kuelekea duka la dawa ng'ambo ya reli. Rasmiya akabaki kitandani karibu na mlango, anasikia kila kitu.

Haja hajarudi bado, mhudumu akapita na toroli la chakula cha wagonjwa. Akasoma namba ya kitanda, akamwekea kifuani sahani ya bati: mkate, ful, na kipande cha jibini ya kale kilichokauka kingo. Rasmiya alijaribu kusema hapana. Ikatoka sauti tu, pamoja na udenda.

Mhudumu akadhani ni njaa. Akamega mkate, akaupaka jibini vizuri, akainama.

"Fungua mdomo, dada. Hii ya serikali, hulipi."