Propela ya Mapanga Manne

Mume wangu Elisaria alianza kuniudhi na mambo ya propela mwezi uleule binti yetu alipojifungua. Habari ilitufikia Moshi kwa mdomo wa muuza samaki: Kindness amepata mtoto wa kiume, ng'ambo ya bwawa la Nyumba ya Mungu, upande wa Simanjiro. Mama mkwe wake alishafariki, kwa hiyo hakuwepo wa kumpikia mtori wa ndizi wala kumlea kama mzazi anavyolelewa kwetu. Ulikuwa mwaka wa mvua za El Nino. Barabara ya kuzunguka ilikuwa tope tupu, malori yamekwama, na bwawa limefurika hadi kumeza miti. Njia iliyobaki ilikuwa majini, na sisi watu wa mlimani, ajabu kweli, tulikuwa na boti.

Mzungu mmoja aliyekuwa akisimamia shamba la kahawa alimwachia Elisaria boti hiyo alipoondoka nchini, kwa sababu alimtengenezea magari miaka mingi. Boti nyeupe, ina kibanda mbele na injini kubwa nyuma. Ilikaa uani kwetu, mtaa wa Soweto hapo Moshi, hadi kuku wangu wakaanza kutagia ndani. Sasa Elisaria aliikokota hadi bwawani, akaapa kwamba itatuvusha. Ila kwanza, alisema, lazima apate propela inayofaa, ile feni ya mapanga inayosukuma boti majini.

Siku hizo soko lilikuwa limefunguliwa na kila kitu kilikuwa kinaingia, hata propela. Alipata mbili kwa rafiki yake aliyekuwa akileta vipuri kutoka Mombasa. Pamoja na ile ya Mzungu zikawa tatu. Kila Jumamosi alikwenda bwawani, akafunga moja, akazunguka peke yake, akarudi nyumbani ananuka petroli.

"Bado," ananiambia.

"Bado nini, Baba Kindness? Inaelea au haielei?"

"Kuelea si kazi."

Nilimjua vizuri. Boti haikuwa na shida. Shida ilikuwa Basili, mkwe wetu. Kindness alikwenda kufundisha shule ng'ambo, akaolewa huko na huyo Basili mfanyabiashara wa samaki, wakafunga ndoa kanisani, na sisi tukapata taarifa baadaye. Basili hakuleta mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Kwetu, mwanamume ambaye hajabeba mbege hadi kwa baba wa msichana hajaomba kitu, hata kama ana cheti cha mchungaji. Elisaria alisema mbele ya ukoo mzima kwamba hatakanyaga kwa mtu ambaye hajampa hata kata moja ya mbege. Alishayasema, na mume wangu akishasema kitu anakaa juu yake kama kuku wangu mle botini. Kwa hiyo nilipomsikia akisema bado, bado, moyo uliniuma. Nilimwona mtu anayejificha nyuma ya chuma huku binti yangu anakula ugali mkavu.

Jumamosi moja nikamfuata. Nilisimama ufukweni nikamtazama akiruka juu ya maji na propela ya Mzungu, pua ya boti imeinuka, povu nyuma. Akarudi anatabasamu.

"Umeona mbio hizo?"

"Nimeona. Unakwenda kwa watu mikono mitupu?"

Akajifanya anakagua injini.

"Sikiliza, mbe, mume wangu. Nitakwenda kwa mzazi na mikungu ya ndizi, maziwa, nyama, kuni kavu, na mimi mwenyewe si mwepesi. Wewe unajaribu boti tupu. Tangu lini Mchagga akaenda kuona mtoto bila mzigo?"

Nadhani hilo lilimwingia, maana Jumamosi iliyofuata tulipakia boti kama siku yenyewe. Mikungu, magunia, na mimi juu yake. Akafunga kwanza propela ya Mzungu. Injini ikaguna, pua ikaelekea mbinguni na mkia ukazama, tukajikokota hivyohivyo hadi nikaanza kusali.

"Hii mapanga yake yamepinda mno," alisema. "Kila mzunguko inataka kusukuma maji mengi. Ni sawa na kuondoka na gia ya nne pale mlima wa Kirua, na gari limejaa kahawa."

Tukarudi, akafunga ya pili. Hiyo iliondoka kwa kishindo, nikashika kofia yangu. Lakini tulipofika katikati injini ilikuwa inapiga kelele na mwendo hauongezeki. Akanionyesha mshale wa mzunguko ulivyopanda kwenye rangi nyekundu. "Hii ni gia ya kwanza. Inatutoa haraka, halafu inakunywa petroli yote kabla hatujafika." Na boti ilitetemeka hadi maziwa yakamwagika.

Ya tatu ilikuwa na mapanga manne. Haikuruka kama ya pili, wala haikuguna kama ya kwanza. Iliikusanya boti, ikaisukuma, na muda si mrefu tukapanda juu ya maji na mzigo wetu wote. Elisaria akapunguza moto kidogo, injini ikatulia, boti ikaendelea kuteleza. Akaweka kikombe cha maji mbele ya usukani, akakitazama muda mrefu. Maji ndani ya kikombe yalikuwa yanatikisika kidogo tu.

"Hii," akasema.

"Basi kesho."

"Nipe hadi Jumamosi."

Hapo nilikasirika kwelikweli. Nilimwita mwoga, nikamwambia mjukuu wake ataota ndevu akisubiri propela. Siku ya tatu akapanda kwenda Kirua Vunjo kwa dada yake Eliona, bila kuniaga vizuri, na mimi sikumwandalia chakula aliporudi.

Jumamosi tulikwenda. Mzigo uleule, propela ileile, lakini boti ilichelewa kupanda juu ya maji kuliko wiki iliyopita.

"Propela yako imeanza tena?" nikamuuliza.

"Propela haina kosa."

"Mbona nzito hivi?"

Akashika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele kana kwamba kuna msongamano wa magari bwawani. Ndipo niliposikia harufu. Niliinama ndani ya kibanda, nikavuta blanketi lake la zamani, nikakuta dumu mbili kubwa, vifuniko vimelegezwa ili zisipasuke, povu linachuruzika. Mbege. Nilichovya kidole, nikajua mkono wa Eliona.

Kikombe cha maji nikakielewa: alikuwa anapima kama mbege itavuka bila kumwagika. Ile "nipe hadi Jumamosi" nikaielewa pia, kwa sababu mbege haiivi kwa kelele za mke. Nikataka kumwomba radhi, lakini nikakaa tu nimeshika zile dumu zisigongane.

"Unampelekea mkwe mbege?" nikauliza mwishowe. "Wewe?"

"Nani kasema nampelekea?" akajibu bila kugeuka.

Basili alitupokea majini, suruali imekunjwa, anatetemeka kuliko ile propela ya pili. "Shikamoo baba. Shikamoo mama." Elisaria aliitikia kwa kichwa, akashusha dumu, moja moja, akamkabidhi.

"Umenichelewesha sana," akamwambia kwa sauti ya chini. "Chukua hizi, pitia nyuma ya nyumba. Mimi nitakaa mbele. Halafu uniletee."

Basili alimtazama, kisha akanitazama mimi. Nikanyoosha mdomo kumwonyesha njia.

Elisaria akaketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, mgongo wima, kofia magotini, kama baba yeyote anayesubiri wanaomwomba binti. Mlangoni Kindness alisimama analia, mtoto begani, na baba yake akajitahidi kutotazama upande huo. Basili akatokea kwenye kona na dumu zote mbili, jasho linamtoka. Akapiga goti.

"Baba, nimekuja na hiki kidogo."

Akamimina kwenye kata, akainyoosha mbele. Elisaria hakuipokea. Niliogopa, nikadhani kiburi kimemrudia. Akainama karibu na sikio la mkwe wake.

"Wewe kwanza, mwanangu," akanong'ona. "Anayeleta ndiye anayeonja."

Basili akaonja. Elisaria akaipokea kata kwa mikono miwili, akanywa yote, akafuta midomo.

"Mbege nzuri," akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Sasa nileteeni mjukuu wangu."