Ombi la Tatu

Wewe umewahi kuiona risala ikikonda? Huzaliwa kijijini imenona, ina mashavu, kisha kila ofisi inamolala huamka imepungua, mpaka siku ya kusomwa imebaki mifupa na salamu. Dorotea alikwisha kuziona nyingi. Ile ya Rubona ilikuwa mapajani pake asubuhi hiyo, ndani ya faili la kijani, na faili ndani ya mfuko wa sandarusi, maana boti ilikuwa inapiga mawimbi na maji ya Tanganyika hayachagui karatasi ya serikali na karatasi ya kufungia sambusa.

Alikaa pembeni, mgongo kwa upepo, viatu amevivua. Miguu ilikuwa imevimba tangu juzi, na kila boti iliporuka wimbi alisikia mpigo wake kwenye vifundo.

"Dada Dorotea!" aliita Benedict kutoka mbele. Huyu ndiye mkuu wake, mhifadhi wa ujirani mwema, kijana wa miaka thelathini na minne mwenye kofia iliyopigwa pasi. "Hakikisha ni ile ya mwisho. Yenye maombi mawili."

"Ndiyo hii, mkuu."

"Leo sitaki kusikia habari ya makaburi mbele ya Mkuu wa Wilaya."

"Hutaisikia, mkuu."

Alisema hivyo bila kuinua macho. Hakuwa na hasira. Hasira inataka nguvu, na nguvu yake alikuwa anaigawa kidogokidogo kama mafuta ya taa ya zamani: kiasi hiki cha kushuka botini, kiasi hiki cha kusimama juani, kiasi hiki cha kurudi. Miezi minane ilikuwa imebaki astaafu.

Kwao ni Rombo. Aliletwa Kigoma kwa miaka miwili, ikawa kumi na tisa. Cheo chake kiliitwa msaidizi wa ujirani mwema, Hifadhi ya Nyakasinde, na ukimwuliza kazi yenyewe ni nini angekujibu kwa neno moja: kufikisha. Ya vijiji kuyafikisha hifadhini, ya hifadhi kuyafikisha wilayani, ya wilaya kuyarudisha vijijini yakiwa na mhuri. Nyani wakila mihogo ya mtu, ni yeye aliyekwenda kuhesabu mashina na kusema pole. Darasa likijengwa kwa fedha za hifadhi, ni yeye aliyekaa na kamati wakigombana mlango utazame ziwa au mlima. Kila mkutano aliufunga kwa maneno yaleyale: "Nimesikia, tutafikisha." Wanawake wa Rubona wakampa jina. Mama Tutafikisha.

Risala hii ilizaliwa wiki tatu nyuma, katika jengo la ofisi ya kijiji. Darasa jipya lilikuwa limekwisha, Mkuu wa Wilaya angekuja kulifungua, na mgeni rasmi hapokelewi mikono mitupu. Lazima asomewe risala. Mtendaji wa kijiji, Erasto, alikuwa amekwenda Kigoma mjini kwenye semina, hivyo Dorotea mwenyewe akashika kalamu. Wanakijiji wakasema wanaomba madawati. Akaandika. Wakasema wanaomba matundu ya vyoo. Akaandika. Kisha Mapendo akasimama nyuma, kanga imekazwa kiunoni.

Mapendo ni mtu wa dagaa na migebuka, binti wa wavuvi waliovuka ziwa kutoka ng'ambo ya Kongo zamani, kabla hata hajazaliwa. Alipoolewa, yeye na mumewe na wavuvi wengine walikuwa na kambi kwenye ufuko wa Kisonge, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Rubona. Pale alimzaa mwanawe wa kwanza, na pale, mtoto alipotimiza miaka sita, homa ya siku mbili ikamchukua. Wakamzika nyuma ya vibanda, wakamzungushia kokoto nyeupe za ziwani. Baadaye mpaka wa hifadhi ukasogezwa, vigingi vya saruji vikapandwa, kambi ikahamishwa. Walio hai walihama.

Mapendo alirudi mara mbili. Mara ya kwanza askari wa wanyamapori walimwomba kwa adabu ageuze. Mara ya pili walimkuta ameshafika, amepiga magoti, nyasi mkononi. Wakachukua jembe. Katika daftari lao wakaandika: mvamizi mmoja, mwanamke, jembe moja. Dorotea alilisoma daftari lile kwa macho yake, mwisho wa mwezi, akijaza taarifa. Katika taarifa aliandika "tukio dogo".

Siku ya mkutano Mapendo alisema kwa ufupi, na Dorotea akaandika kama lilivyosemwa: tunaomba njia ya kwenda kwa watoto wetu tuliowazika Kisonge.

Likawa ombi la tatu.

Wilayani walitaka rasimu mapema, ili mgeni rasmi aandaliwe majibu. Utaratibu ndio huo: swali linapelekwa kwanza, jibu linapikwa, kisha siku ya siku watu wanaulizana na kujibiwa kama vile hawajawahi kuonana. Dorotea akaipeleka kesho yake, ikagongwa mhuri masjala, ikaingia ndani. Kalamu zilianza baada ya hapo. Erasto alirudi semina, akafuta "watoto wetu tuliowazika", akaweka "wapendwa wetu". Mtendaji wa kata akaona neno njia lina ukali, akaandika "utaratibu wa kuyafikia maeneo ya kumbukumbu". Benedict akaipokea mwishowe, akaisoma amesimama.

"Hili ni la kisera," akasema. "Likisomwa hapo, Mkuu wa Wilaya atageuka aniulize mimi. Nitamjibu nini? Makao makuu hawajatoa tamko. Lichomoe, dada, kisha uichape upya."

Dorotea akalichomoa. Akachapa upya, akahesabu nakala, akazibana. Ile ya kwanza iliyotangulia wilayani hakuna aliyeikumbuka, si yeye, si mkuu wake. Ilibaki huko kama mtoto aliyetangulizwa kwa shangazi.

Boti iliposugua kokoto za Rubona, dagaa walikuwa wameanikwa hadi karibu na maji, na Yusta, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, alikuwa amesimama, mikono miwili kiunoni.

"Mama Tutafikisha kafika! Mwakeye!"

"Mwakeye, Yusta," akaitikia salamu ya Kiha.

"Miguu hiyo ni yako au umeiazima kwa kiboko?"

"Ya kiboko. Kanipa kwa masharti nisikae chini mpaka jioni."

Wakacheka, wakampokea mfuko, wakamshika mkono kwenye mawe. Alikwenda moja kwa moja kwenye moshi, kwa wapishi, kwa sababu hakuna mahali pengine ambapo angeweza kuketi bila kuitwa. Mapendo alikuwa hapo, anaparua migebuka kwenye beseni, magamba yamemshika hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo, dada Dorotea."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Umeliweka?"

"Risala imepita ngazi zote."

"Sikuulizi ngazi. Nauliza umeliweka?"

Dorotea alitazama beseni. Samaki mmoja alikuwa bado anatweta.

"Halimo," akasema.

Alingoja atukanwe. Angefurahi kutukanwa. Mapendo akamchukua yule samaki anayetweta, akampindua, akaendelea kuparua kutoka mkiani kwenda kichwani.

"Basi," akasema. "Wageni lazima wale."

Mkuu wa Wilaya alitarajiwa saa nne. Saa nne ikapita, na saa tano, na saa sita. Watoto wa ngoma waliovaa majani walikaa chini, wakasimama, wakakaa tena. Spika iliyoletwa kwa mtumbwi kutoka Bangwe iliimba nyimbo zilezile sita. Benedict alizunguka akitafuta mtandao kwenye jiwe moja refu. Saa nane kasoro boti ikaonekana, na ghafla kila mtu akawa na kazi.

Alikuwa Mkuu wa Wilaya mpya, mwanamume mnene mpole, shati limelowa mgongoni. Alisaini kitabu cha wageni, akakata utepe, akaingia darasani akagonga ukuta kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti maji. Alipoketi chini ya turubai alifunga macho kidogo. Dorotea alimwona na akamwelewa. Huyu naye tangu alfajiri anafikishwa.

Erasto akasoma risala. Aliisoma vizuri, ana sauti ya kanisani. Tunaishukuru serikali. Tunaishukuru hifadhi. Tunaomba madawati. Tunaomba matundu ya vyoo. Tunakutakia safari njema. Makofi. Benedict akapumua, na Dorotea, aliyekaa nyuma yake, akauona mgongo ukilegea.

Mkuu wa Wilaya akasimama, akapewa karatasi zake na msaidizi.

"Ndugu wananchi. Kuhusu madawati, mnaletewa hamsini kabla shule hazijafunguliwa." Makofi, vigelegele. "Kuhusu vyoo, mhandisi wangu atafika mwezi ujao." Makofi. Akafungua ukurasa. "Na kuhusu ombi lenu la tatu, la njia ya kwenda kwa watoto wenu mliowazika Kisonge, ombi hilo nimelipokea na linafanyiwa..."

Hakuna aliyepiga makofi. Spika ilikoroma peke yake.

Akageuza karatasi nyuma, akageuza mbele. "Hili sikulisikia likisomwa," akasema. "Au nilisinzia?"

Wachache wakacheka kwa heshima, wakaacha. Erasto alikuwa anaitazama risala mkononi mwake kana kwamba imemwota kiganjani. Kule kwenye moshi wanawake walikuwa wameacha kukoroga.

Benedict aligeuka, midomo haichezi. "Ni ile rasimu yako," akanong'ona. "Simama useme ni makosa ya uchapaji. Simama, dada, tumalize."

Basi Dorotea akasimama. Ilimchukua muda, kwa ile miguu. Aliona njia ilivyo rahisi: maneno matatu, makosa ya uchapaji, mheshimiwa atacheka, watakwenda kula. Miezi minane itapita kama ilivyopita miaka. Na angerudi hapa mwezi ujao na yule mhandisi wa vyoo, Yusta angemtania miguu, na Mapendo angemsalimia shikamoo.

"Mheshimiwa," akasema, "ombi lilikuwapo."

"Sasa limekwenda wapi?"

"Lilipita kwenye mikono mingi. Mkono wa mwisho ulikuwa huu." Akauinua kidogo, kama mwanafunzi asiye na hakika ya jibu. "Nililitoa mimi. Siyo uchapaji."

"Dorotea," alisema Benedict.

"Ndiyo, mkuu. Nitaandika maelezo." Akamgeukia tena mgeni. "Mheshimiwa, ukiniuliza mimi nitakueleza kwa niaba, na ya kwa niaba nimeyasema miaka kumi na tisa, nimechoka nayo. Mwenye ombi hayuko mbali. Ndiye aliyekuandalia samaki."

Mkuu wa Wilaya akakunja karatasi yenye jibu lake, akaitia mfukoni. Akaketi. "Aje," akasema.

Mapendo alisukumwa na Yusta mpaka kwenye kivuli cha turubai. Mikono ilikuwa imelowa, akaifuta kwenye kanga, akaifuta tena. Dorotea akachukua kipaza sauti kwa Erasto, akampa, akabaki amesimama karibu naye, bega kwa bega, kwa sababu kiti kilikuwa mbali.

"Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya," Mapendo alianza, na sauti ikatoka kwenye spika kubwa kuliko yeye, akashtuka. "Kwanza kabisa tunaishukuru serikali yetu. Tunaishukuru na hifadhi kwa darasa. Sisi akina mama wa Rubona tunayo furaha kubwa, furaha isiyo na kifani, kukupokea..."

Ilikuwa inamtoka yenyewe. Kila mtu pale aliijua kwa moyo. Dorotea alifumba macho akasikia jinsi ilivyo laini, jinsi ingeweza kuendelea hivyo mpaka giza, shukrani juu ya shukrani, bila kugusa chini.

"We Mapendo!" Yusta alipiga kelele kutoka kwenye masufuria. "Hiyo tumeshaisikia! Sema lako!"

Mapendo akageuza kichwa upande wa kaskazini, ambako mlima unaingia ziwani na kuficha ufuko unaofuata. Akakishusha kipaza sauti mpaka kifuani, na akasema bila hicho, hata wa nyuma wakainuka vitini.

"Yeye ni Amisi. Ana miaka sita. Sitaki barabara, na nyani wenu sitawagusa. Nataka siku moja kwa mwaka nipite na jembe langu, nisinyang'anywe. Nimpalilie. Nikimaliza niketi hapo naye mpaka jua lipinde, nimwambie wadogo zake wameota ndevu."