Paa la Gari la Wifi

Tangi la maji lilidondoka juu ya gari la wifi yangu siku ya Jumapili, tukiwa wote mezani, na wifi ndiyo kwanza anamwambia mume wangu kwamba kile kichanja alicholijengea tangi kimeinama.

"Hakijainama, dada," mume wangu akasema. "Kimeegemea tu."

Ndipo kikaanguka. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hili letu lilikuwa limejaa pomoni, na lilivuma kuliko matupu yote niliyopata kuyasikia. Tulipotoka nje tulikuta gari la wifi limekuwa fupi. Paa limeshuka mpaka kwenye migongo ya viti, vioo vimemwagika uani kama mchele, na kile kibao cha juu chenye herufi L, cha kuwaonya watu kwamba anayeendesha bado anajifunza, kimelala chali kwenye dimbwi.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu, na kazi yake ni kufundisha watu udereva. Watu humwita Breki, kwa sababu ndilo neno analolisema zaidi, na hulisema kwa sauti inayosimamisha hata mbuzi. Gari lile ndilo lililokuwa shule yake, ofisi yake na shamba lake. Alilizunguka. Akashika mlango, mlango ukamfuata. Akauweka chini taratibu, akamgeukia mdogo wake.

"Nitakaa hapa kwenu mpaka gari yangu ipone," akasema. "Aliyeivunja ndiye atakayenilea."

Nikasema karibu wifi. Ulitaka niseme nini? Gari lilikuwa na bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe likiumia, nami nikajipa moyo kwamba mambo yatakwisha upesi. Kwangu shauri lilikuwa rahisi. Bima ikikubali, gari linatengenezwa na wifi anarudi kwake ng'ambo ya mji. Bima ikikataa, wifi ni wangu mpaka kiama. Sijawahi kumwombea mgonjwa yeyote kama nilivyoliombea gari lile.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi si mtu wa kupuuza wahenga, kwa hiyo nilimpa jembe kweli, nikamwonyesha na bustani ilipo. Wifi akalipokea kwa shukrani, akaling'oa bapa lake akaliegemeza ukutani, akachukua mpini akausimika kwenye ndoo ya mchanga katikati ya sebule yangu. Mpini ukawa gia. Viti vyangu vinne vya mezani vikapangwa viwili viwili. Usukani ni kifuniko cha sufuria yangu kubwa. Chini zikawekwa ndala tatu: klachi, breki na mafuta. Klachi ilikuwa ndala yangu ya kuogea.

"Wanafunzi wamekwisha nilipa," alisema. "Gari imelazwa, shule haijafungwa."

Kuanzia hapo sebule yangu ikawa barabara kuu. Wanafunzi waliingia kwa zamu, watu wazima na akili zao, wakakaa kwenye kiti cha mbele kulia, wakafunga mkanda wa hewa, wakakanyaga ndala. Wifi pembeni yao anaangalia mbele kwenye kabati la vyombo kana kwamba linakuja na taa zimewashwa. Mimi nikitoka jikoni na sinia la chai, nilikuwa mtembea kwa miguu.

"Breki!" wifi anapiga kelele. "Humuoni mama wa watu anavuka?"

Na mwanafunzi anakanyaga ndala kwa nguvu zote, jasho linamtoka, ananiomba radhi. Nami nasimama katikati ya zulia langu, nyumbani kwangu, nikisubiri kupewa njia. Nilikasirika mpaka nikaanza kuangalia kulia na kushoto kabla ya kwenda msalani.

Mume wangu nilimuuliza chumbani kama ananiona au haoni. Akasema dada yake atakaa kidogo tu. Nikamwambia hata kichanja chake alisema kimeegemea tu.

Yote yalimsubiri mkaguzi wa bima. Gari lilikuwa limevutwa mpaka kwa fundi bodi, na kampuni ilikuwa imetoa sharti moja: lisiguswe mpaka mkaguzi alione kwa macho yake. Wifi alimkariria fundi sharti hilo kama anavyowakaririsha wanafunzi wake alama za barabarani. Fundi akaitikia. Lakini mkaguzi alikuwa mtu wa kesho. Leo ana semina, kesho ana mafua, keshokutwa amekwama foleni. Na fundi yule, ambaye mtu hawezi kukuta kosa katika kazi yake, ana ugonjwa mmoja: haoni bonde kwenye bati akalala. Ukikaa kwake na kijiko kilichopinda, atakuomba akinyooshe.

Siku zikapita, na mimi jikoni nikawa nasikia masomo yote nitake nisitake. Siku moja muuza dawa mmoja, mwanafunzi mzito kuelewa, alikuwa anakata kona ya kwenda chumbani kwetu. Namsikia anauvuta ule mpini, mchanga unalia. Kitunguu mkononi, nikajikuta nimepayuka:

"Vioo kwanza! Halafu taa! Halafu ndiyo ukate!"

Wifi akachungulia jikoni.

"Nani kasema?"

"Sijasema kitu," nikasema, nikarudi kwenye kitunguu changu.

Akanitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Leo mtembea kwa miguu ana akili kuliko dereva," akamwambia muuza dawa, wakaendelea na safari.

Hatimaye mkaguzi akapona mafua. Tulimkuta kwa fundi, mwanamume mwembamba mwenye kamera shingoni na viatu vilivyong'arishwa kwa ajili ya sehemu nyingine kabisa. Mimi nilikwenda na wifi kwa hiari yangu. Nilitaka kuwa wa kwanza kusikia neno ndiyo.

Fundi akatoka kutupokea huku anapangusa mikono na kutabasamu kama baba wa bwana harusi. Akashika pembe ya turubai, akalivuta.

Gari lilikuwa linang'aa. Paa limesimama, limenyooka, bluu tupu, unaweza kujitazama ukachana nywele. Milango imekaa mahali pake. Vioo vipo. Hata lile bonde dogo la zamani kwenye bampa, ambalo wifi alikuja nalo kabla ya ajali, halikuwepo.

"Nilisema niguse kidogo tu ile sehemu inayoniumiza macho," fundi akasema. "Basi kidogo ikaita kidogo. Nikapata paa zima kwenye gari bovu la aina hiihii, nikalikata, nikalichomelea. Tafuteni kiungo kilipo. Hamtakiona!"

Kweli hakikuonekana. Mkaguzi alilizunguka gari, akainama, akainuka, akaligonga kwa kidole.

"Naona gari zuri," akasema. "Hasara iko wapi?"

Fundi bado anangoja asifiwe. Nilimtazama wifi. Mikono yake imeshika mkoba, midomo imebana. Mimi nikaiona mbele yangu miaka yote iliyobaki ya maisha yangu, navuka zulia na sinia, naangalia kulia na kushoto.

"Tulirudishe nyumbani," nikasema kwa haraka. "Kichanja mume wangu amekijenga upya. Tangi lipo, maji yapo. Tuliweke gari palepale, tumwombe mume wangu akague kichanja chake. Dakika tano tu litakuwa limerudi kama lilivyokuwa!"

Mkaguzi akanitazama kwa woga kidogo. Wifi akatikisa kichwa.

"Ajali haifanyiwi mazoezi, wifi," akasema. "Nimewafundisha watu sheria maisha yangu yote. Nikiivunja leo, kesho nitamwambia nani abreki?" Na sauti yake ikapasuka kidogo hapo kwenye kubreki. "Kama hawalipi, basi. Fundi atabaki na gari mpaka nimlipe, nami nitafundishia kwenye viti."

Kwenye viti! Lakini naomba nisiwe mwongo: si sebule na ndala peke yake zilizoniuma. Mwanamke yule alikuwa anaweza kukubali tulidondoshe tangi tena, akakataa. Alikuwa anaachia gari lake liende, huku amesimama wima. Nilimwonea huruma, na hilo likaniudhi zaidi.

Fundi ndiyo kwanza tabasamu likaanza kumtoka. "Kwani shida ni nini? Mnataka kuona paa bovu? Si lipo!"

"Lipo wapi?" tukauliza wote.

"Shemeji alikuja kulichukua na mkokoteni. Alisema amepata bati la bure."

Nikakumbuka. Juma lililopita mume wangu alikuwa ameezeka upya banda la kuku, na alijisifu mpaka wakati wa kulala. Mimi nilikuwa na vita vyangu sebuleni, sikwenda hata kulitazama. Na yeye, ambaye kila kitu anakiona kwa jicho la matumizi, hakuwahi kujiuliza bati hilo la bluu limetoka kwenye gari la nani.

Tukaondoka kwa miguu, mkaguzi mbele, kamera inamgonga kifuani. Uani kwetu tulimkuta mume wangu anawamwagia kuku maji. Juu ya banda, katikati ya bati lake la bure, palikuwa na bonde kubwa la mviringo kama beseni, limejaa maji, na kuku wamelizunguka wanakunywa. Jogoo alikuwa anaoga.

"Linakusanya mvua lenyewe," mume wangu akatueleza kwa fahari. "Sikulitoboa wala sikulikunja. Lilikuja hivyohivyo."

"Mdogo wangu," wifi akasema taratibu, "ile ni gari yangu."

Mkaguzi hakuwa mtu wa kuamini maneno. Alivua viatu vyake vya kung'aa, akapanda juu ya debe, akaanza kupima bonde kwa utepe. Jogoo akaudonoa utepe. Mkaguzi akamfukuza, jogoo akarudi na hoja zake zilezile. Wifi akaleta kile kibao chenye L, na mkaguzi akakiweka juu ya paa: matundu ya skrubu yakaingiana barabara. Akalitazama na tangi. Kitako chake bado kilikuwa na rangi ya bluu, imeng'ang'ania kama wanja. Akapiga picha, na katika kila picha kulikuwa na kuku.

"Sijawahi kukagua hasara inayokaliwa na viumbe," akasema alipokuwa anafunga kamba za viatu. "Lakini hasara nimeiona. Kampuni italichukua hili paa, ndiyo utaratibu."

Mume wangu alitaka kupinga. Nilimkanyaga mguu kama klachi.

Ikachukua muda, maana makao makuu walipiga simu mara mbili kuuliza kuhusu kuku, lakini mwishowe bima ikakubali na fundi akalipwa. Gari likaja uani asubuhi, kibao cha L juu yake. Nilikuwa nimekwisha mfungashia wifi mizigo, tena kwa upendo, nimekunja kila kitu vizuri. Viti vyangu nikavirudisha mezani. Kifuniko nikakirudisha kwenye sufuria. Mpini sikuurudisha kwenye jembe, sijui kwa nini. Niliuacha kwenye ndoo yake.

Wifi akaagana na mdogo wake, akatembea mpaka kwenye gari, akafungua mlango wa kushoto, wa abiria, akakaa.

"Wifi, umekosea upande," nikamwambia.

"Sijakosea." Akatoa mkobani kibali cha mwanafunzi. Kilikuwa na picha yangu, ile ya zamani niliyokunja uso, ambayo nilidhani imepotea kabatini. "Umesikiliza masomo yangu yote bila kulipa. Nisipokupa mtihani nitakuwa nimeibiwa. Ingia."

Niliingia. Nikafunga mkanda, wa kweli safari hii. Nikatazama vioo, nikawasha taa. Klachi haikuwa ndala tena, na gari likaruka kama limeumwa na nge, mume wangu akakimbilia nyuma ya tangi, mahali pabaya kuliko pote. Lakini likaenda. Likatoka geti, likaingia barabarani, na watembea kwa miguu wa watu wengine wakasimama wakaningoja mimi nipite.

Tulikwenda taratibu, tukaukata mji wote. Wifi hakupiga kelele hata mara moja. Alikuwa ameweka mikono yake mapajani, anatazama mbele, na kila nilipokata kona vizuri alikohoa kidogo. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa kila sala, siku ya kumrudisha kwake na kurudi kwenye sebule yangu isiyo na magari. Ukimya wa nyumba yangu nikauona kabla sijaufikia, nao haukunipendeza.

Nyumba yake ikatokea mbele, geti la kijani.

"Breki," akasema wifi kwa upole.

Sikukanyaga. Geti likatupita pembeni, likabaki kwenye kioo, likawa dogo.

"Umepita," akasema.

"Najua, wifi," nikasema. "Nimeona. Vioo kwanza."

Akakohoa kidogo, akajiegemeza vizuri kitini, akashusha kioo cha upande wake ili upepo uingie.