Unga Uliopita Mlangoni kwa Senga

Kila Jumatatu nilipita mlangoni kwa Senga Jaliah na mfuko wa unga wa ulezi, nikamsalimia, kisha nikaupeleka kwa jirani yake Nandutu. Senga ni shangazi, dada wa baba. Alinilea hapa Nabuyonga, Mbale, na vitenge alivyouza ndivyo vilivyonisomesha diploma ya lishe kule Jinja. Ana ugonjwa wa sukari.

Mtafiti mkuu wa mradi ninaofanyia kazi alitaka kujua kama uji wa ulezi wa asubuhi, usiotiwa sukari, unawasaidia wagonjwa kama yeye. Wote waliendelea na dawa zao. Kila mmoja akaokota kikaratasi kikapuni: nusu wapewe unga, nusu wale kama kawaida. Senga akaokota kawaida.

"Nibadilishie, mwanangu."

"Siwezi, Senga. Nikichagua mimi, hatutajua kilichosaidia ni unga au ni upendeleo wangu."

"Msikilizeni afande! Kiswahili kimenyooka, moyo umepinda." Kwetu Kiswahili kimezoeleka kuwa lugha ya askari.

Tangu hapo hakuitikia salamu yangu. Niliogopa mambo mawili. Kwanza, asingekuja kwenye kipimo cha mwisho, na wenzake wangemfuata. Tungebaki na wanywaji uji bila wa kuwalinganisha nao. Pili, mtaani kwetu hakuna anayepika uji asimpitishie jirani kikombe juu ya ua. Kikombe kikipita, makundi yamechanganyika.

Siku ya kipimo, benchi la kina Nandutu lilijaa. Lile jingine lilikuwa tupu. Nilikuwa nimeanza kukunja kitambaa cha meza nilipomwona Senga akiingia amevaa gomesi, gauni lake refu la Idi, wenzake wote nyuma yake. Akaketi, akaninyooshea kidole nikichome, uso kaugeuzia ukutani.

"Senga, Nandutu hakukuletea uji?"

Nandutu akadakia, "Nilimpelekea! Akanirudishia kikombe kimejaa. Nikasema, leo nimekuwa mchawi!"

"Niliambiwa kawaida," Senga akasema. "Kawaida yangu ni chai na mkate. Ulidhani nitakuharibia kazi kwa kuwa nimekasirika?"

Macho yalinijaa machozi. Nilimfunga pamba kidoleni.

Majibu yalipotoka nilimpelekea mwenyewe. Sukari ya waliokunywa uji ilikuwa imeshuka. Ya kina Senga nayo ilikuwa imeshuka, kwa kiasi kilekile.

"Mimi? Kwa mkate wangu?"

"Kwa mkate wako. Ulipunguza kitu?"

Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ya kikapu. "Chai ni ileile. Ila kijiko cha sukari... nani anakwenda kuchomwa kidole na mdomo mtamu?"

"Labda na wenzako walifanya hivyo. Labda mlikumbuka dawa zaidi. Hilo hatukulipima, sina uhakika. Ila bila ninyi tungeusifu unga bure, na wagonjwa wangeukimbilia."

"Kwa hiyo sikukosa kitu?"

"Hukukosa, Senga. Lakini hilo sikulijua nilipokuwa nakupita."

"Ndiyo maana nasema uniombe radhi. Mtoto wa mikono yangu, ukapita na chakula mlangoni pangu!"

Nikapiga magoti mkekani, kama alivyonifundisha.

"Asante, Senga. Kwa shule, kwa kidole, kwa kikombe ulichorudisha. Nitakushukuru mpaka uchoke kunisikia. Radhi siombi."