Gari Lililomfuata Fundi Wake

Jumamosi asubuhi Miguu alikuwa amelala chali chini ya gari jekundu la spoti, beseni la plastiki limekaa karibu na sikio lake, akingoja oili chafu iishe kutoka. Oili ya gari lililokaa muda mrefu hutoka nzito na nyeusi kama uji ulioungua, na ukirudisha nati kabla haijaisha, mabaki yataichafua oili mpya na kazi yako yote ni bure. Kwa hiyo hakuwa na haraka. Zilionekana raba zake tu, raba ambazo zamani zilikuwa nyeupe. Wateja wa karakana ile walimfahamu kwa miguu, ndiyo maana wakamwita hivyo. Walipokutana naye sokoni amesimama wima walimpita bila salamu, si kwa ubaya, hawakujua ni nani.

Kaka yake mkubwa walimjua vizuri. Yeye waliyemwita Meneja alikuja kazini na shati jeupe, na jioni shati lilikuwa bado jeupe, jambo ambalo katika karakana lingepaswa kumtia mtu wasiwasi. Meneja alipokea simu na kupokea magari. Alimwambia mteja, "Usijali, niachie mimi," na mteja akaenda zake roho imetulia, kwa sababu Meneja mwenyewe aliamini kila alichokisema. Gari likipona, yeye ndiye aliyelitoa nje na kukabidhi ufunguo. Mambo yalikuwa hivyo tangu walipoanza kazi, na hakuna aliyekaa kitako akapanga yawe hivyo.

Gari jekundu lilikuwa la baba yao. Mzee alilinunua likiwa limetumika, na limetumika kwelikweli, kwa mtu aliyelitelekeza uani kwake mpaka kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha dereva. Lilikuwa na viti viwili, tumbo lake karibu liguse ardhi, na taa za mbele zilijificha ndani ya boneti na kuinuka zinapowashwa. Siku lilipovutwa kwa kamba hadi karakana, mtaa mzima ulicheka. Fundi mzima, walisema, ameuziwa banda la kuku! Mzee aliyameza maneno yao. Kisha aliwaita wanawe, akapiga boneti kwa kiganja, akasema, "Mimi nimechoka. Atakayeliweka hili barabarani, karakana ni yake. Nimemaliza."

Miguu aliitaka karakana ile kuliko kitu chochote. Zaidi ya hapo, alitaka baba yake aseme, hata mara moja, mbele za watu, kwamba kazi hii imetoka mikononi mwa binti yangu. Hayo tu. Si makubwa, ukiyafikiria.

Mzee alikuwa na sheria yake: gari bovu halifunguliwi boneti kabla ya kuambiwa pole. Limeumia, alisema, na wewe unakwenda kulipasua. Una mdomo, utumie. Wateja walidhani mzee anatania. Meneja aliifuata sheria alipokumbuka, simu ikiwa sikioni. Miguu hakuikosa hata siku moja. Alisema pole asubuhi alipovua koti, akasema pole alipong'oa radieta, na alipouona mkanda wa taimingi ulivyochakaa alisema pole sana, mwenzangu, ulikuwa unavumilia nini.

Huo mkanda haungojwi ukatike. Ukikatika gari likiwa mbioni, injini inajivunja yenyewe kwa ndani, basi kwaheri. Akaubadilisha kwanza. Akatupa mipira yote ya maji, hata ile iliyojifanya mizima. Akabadilisha plagi na chujio, akasugua vichwa vya betri vilivyoota unga wa kijani. Pedi za breki zilikuwa zimeisha hadi chuma, akaweka mpya na kubadilisha mafuta ya breki, maana ya zamani yalikuwa na rangi ya chai. Matairi yalikuwa na meno mazuri lakini mpira umepasukapasuka kwa uzee, na gari la mbio haliendeshwi kwa matairi ya namna hiyo na mtu anayependa maisha yake. Klachi ilimtesa. Aliishusha, akaipandisha, akaishusha tena. Wakati huo Meneja aliliosha gari, akalipaka nta, akapuliza marashi ndani. Aliifukuza harufu ya kuku, na kwa hilo lazima asifiwe.

Jioni moja injini iliwaka. Miguu alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya injini na mpini sikioni, kama mafundi wanavyofanya wanapotafuta kelele iliyojificha. Akasikiliza huku na kule. Hapakuwa na kelele. Kulikuwa na mlio mmoja mnene, uliotulia, wa kitu kilichoshiba. Akajivuna. Alisimama pale mikono kiunoni, oili hadi kwenye viwiko, akajivuna waziwazi bila mtu wa kumwona. Kisha akalizima, akafunga karakana kwa kufuli, akaenda zake nyumbani kwa miguu.

Kwenye kona ya duka la dawa alisikia mlio ule nyuma yake. Gari lilikuwa linakuja polepole, halina mtu ndani.

"Rudi," aliliambia.

Gari likainua taa zake, likazishusha. Halikurudi. Miguu alikuwa amechoka na hakuwa na nguvu za kubishana barabarani, akaendelea kutembea, nalo likaendelea kumfuata. Kwenye makutano askari wa barabarani alilisimamisha, akainama, akachungulia viti vitupu.

"La kwako hili?"

"La baba."

"Liambie likikata kona liwashe indiketa."

Kwenye kona iliyofuata gari liliwasha indiketa. Miguu aliona ni adabu njema, akaliruhusu lilale chini ya dirisha lake.

Tangu siku hiyo lilimfuata kila mahali. Alipokwenda sokoni lilimngoja upande wa viazi. Alipokwenda kusuka nywele lilisimama nje na kuzima injini, maana msusi alisema moshi unamkera. Jirani mmoja alilalamika kwamba linaziba njia ya mikokoteni, likajisogeza. Lakini mtu mwingine akiingia na kushika usukani, injini inawaka vizuri, gia inaingia, na gari halisogei hata kidogo mpaka Miguu atembee. Meneja alijaribu mara nyingi, akakanyaga mafuta hadi mwisho. Kwa mara ya kwanza alitoka jasho, shati likaloa.

Shangazi yao alikuwa na macho na alikuwa na mdomo. Alimwendea Mzee barazani.

"Kaka, gari lako linamfuata binti yako kama mbuzi wa kufuga."

"Nimeliona. Limepita hapa asubuhi."

"Na huoni kitu?"

"Naona, tena vizuri sana." Machozi yalimlengalenga Mzee. "Kijana wangu amelitengeneza mpaka linajiendea lenyewe. Mimi nimekuwa fundi maisha yangu yote, sijawahi kulifikisha gari hapo."

"Kijana wako! Hebu uliza ni nani alikuwa amelala chini yake."

"Dada yake anamsaidia. Wanapendana, wanangu. Namshukuru Mungu."

Shangazi akasonya, akajifunga kanga upya, akaondoka.

Siku ya makabidhiano Mzee aliwaalika wote waliocheka. Viti vilipangwa nje, mwenye duka la dawa alileta kipaza sauti. Nyuma ya karakana Meneja alimwita dada yake pembeni. Alikuwa amevaa shati jipya.

"Mdogo wangu, naomba utembee mbele kidogo tu. Baba ameita watu, tusimwaibishe."

"Mwambie ukweli, basi."

"Nitamwambia. Leo hii hii. Kwani mimi mtu mbaya?"

Hakuwa mtu mbaya. Miguu alilitazama gari, jinsi lilivyosimama juu ya matairi yake mapya, na roho yake haikukubali lidharauliwe tena na watu wale. Akabeba kreti la soda, awe na sababu ya kupita katikati ya wageni, akatembea. Gari likamfuata, Meneja yuko kwenye usukani, kiwiko kimetoka dirishani. Mlio ule mnene ukajaa uwanja. Vicheko vyote vya zamani vikafa pale pale. Mwanamume mmoja alivua kofia. Miguu hakuona walivyokuwa wakilitazama, kwa sababu alikuwa mbele na kreti mikononi, lakini aliwasikia wamenyamaza, akatembea kichwa juu. Loo, alitembea!

"Tazameni anavyoliendesha," alisema mtu. "Taratibu, halitikisiki."

Mzee alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Mlicheka," alisema. "Haya, chekeni sasa." Hakuna aliyecheka. Akatoa ufunguo wa karakana mfukoni, akauweka mkononi mwa Meneja, akamkumbatia mbele ya wote. Meneja alimtazama dada yake juu ya bega la baba yao. Alifungua kinywa, na nadhani alikuwa na nia ya kusema, lakini makofi yalikuwa mengi na yalikuwa matamu. Yalipopungua akasema, "Namshukuru pia mdogo wangu kwa soda."

Miguu aliumia. Akaweka kreti chini na kuanza kugawa chupa, maana wageni walikuwa wamenyoosha mikono.

Mzee alipochoka, Meneja bado alikuwa amezungukwa na watu wanaotaka kumletea magari yao. Kwa hiyo Miguu ndiye aliyempeleka nyumbani. Alifuta viganja kwenye ovaroli, akaketi kwenye usukani, na gari likaondoka kabla hajamaliza kukanyaga mafuta. Gia ya pili ikaingia kama mkono mfukoni. Alipoweka ya tatu, barabara ikafunguka, na kwa kitambo kile alisahau ufunguo na makofi. Hakuna aliyekuwa akilijua gari lile kama yeye, na gari lenyewe lilijua hivyo. Alijisikia mkubwa kuliko mtaa mzima.

"Unasikia injini hiyo?" alisema Mzee.

"Naisikia, Baba."

"Huo mkono wa fundi."

Miguu alishika usukani vizuri. "Baba, gari hili nimelitengeneza mimi. Lote. Ndiyo maana linanifuata."

Mzee alimpapasa bega kwa upendo mwingi. "Najua, mwanangu. Kaka yako ameniambia ulikuwa unamshikia taa."

Hakusema kwa dharau. Alisema kwa fahari, kama baba aliyebarikiwa watoto wawili na hana la ziada la kuomba. Akaegemea kiti, akafumba macho, akasinzia huku anatabasamu, na Miguu akaendesha taratibu ili asimwamshe. Mbele ya nyumba alisimamisha gari, akalizima.

Ukimya ulimzindua Mzee. Alitazama dashibodi, akakunja uso.

"Limezimika," alisema. "Mpigie kaka yako aje aliangalie."

"Nimelizima mimi, Baba," alisema Miguu. "Tumefika."

Akashuka, akazunguka upande wa pili, akamfungulia mlango.