Anzia Namba Moja

Karani wa mapokezi aliandika jina la mgonjwa, akabonyeza kitufe, akainuka kwenda kuongeza chai. Alirudi, akaketi, akapuliza kikombe, akanywa funda la kwanza, na kile kiduara kwenye skrini kilikuwa bado kinazunguka. Mgonjwa aliyesimama mbele ya kaunta alikuwa ameegemea mguu mmoja, kisha mwingine, kisha kaunta yenyewe.

"Mtandao," karani alisema, na akanywa funda la pili.

Mwenye mtandao alikuwa amepiga magoti chini ya kaunta hiyo hiyo, kichwa kikiwa katikati ya nyaya na maganda ya karanga. Hospitali nzima ilimwita Dada wa Mtandao, hata waliomzidi umri, na chochote kilichokwama, lifti na feni ya maabara zikiwemo, kilihesabiwa kuwa kosa lake. Tangu mwezi uanze alikuwa amebadilisha nyaya, amebadilisha swichi, na ruta ameizima na kuiwasha mpaka wakachokana. Hali ilibaki vile vile. Katibu wa hospitali, kila walipopishana kwenye korido, alimwuliza neno moja tu.

"Bado?"

"Bado, mzee."

"Ukiniondolea balaa hili, njoo ofisini uniombe unachotaka. Nasema mbele za watu."

Dada wa Mtandao alikuwa na cha kuomba. Mwisho wa korido, kwenye benchi lililo mbele ya mlango namba moja, alikaa Mama Mdogo wake, yule aliyemlea tangu akiwa hajui kufunga kamba za viatu. Alikuwa fundi cherehani. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufa, na la kulia presha ya macho ilikuwa inalimaliza taratibu. Daktari wa macho alimwambia waziwazi kwamba lisipopasuliwa ndani ya mwezi huu, hakutakuwa na jicho la kupasua. Yeye daktari alikuwa tayari, chumba kilikuwepo, vifaa vilikuwepo. Kilichokosekana ni kibali.

Vibali vilitolewa namba moja. Daktari wa namba moja alikuwa amehamishwa zamani, na hakuna aliyeletwa badala yake. Daktari wa namba mbili angeweza kutoa kibali hicho hicho, na alikuwa mtu mwema, lakini mfumo wa wagonjwa haukumruhusu kufungua faili la mtu kabla namba moja hajashindwa kumhudumia. Namba moja alihesabiwa kuwa ameshindwa ikifika saa sita. Saa sita na nusu, daktari wa namba mbili aliingia chumba cha upasuaji. Basi kila siku saa sita ikilia, wenye miguu mizima waliruka kutoka kwenye benchi na kukimbilia mlango wa pili, wakapita wachache, na waliobaki wakaambiwa warudi kesho, waanzie namba moja. Juzi Dada wa Mtandao alimshika Mama Mdogo mkono wakakimbia pamoja. Walifika hadi kwenye mkokoteni wa dawa. Mama Mdogo aliinuka akipangusa magoti, akasema kama ni lazima apofuke, basi apofuke akiwa na meno yake.

Kuingilia mfumo huo haikuwezekana. Ulikuwa wa makao makuu. Yeye alikuwa na mamlaka juu ya nyaya tu, na nyaya zenyewe zilikuwa zinamdhalilisha.

Alitoka chini ya kaunta, akamwomba karani ampishe, akaketi mbele ya kompyuta. Akaiita mashine inayotunza mafaili ya wagonjwa kwa namba yake. Ikaitika papo hapo. Akaiita kwa jina. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, ndipo ikaitika. Akarudia kwa namba, akarudia kwa jina, mpaka karani akamwuliza kama amekosa kazi. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze alikuwa amepata pa kushika. Kompyuta hazijui majina, zinajua namba, na kila zikipewa jina lazima zitume swali kwenda kuuliza namba ya mwenye jina hilo. Njia ilikuwa nzima. Aliyekuwa anachelewa ni huyo anayetumwa kuuliza. Akachukua funguo, akaenda kumtafuta.

Chumba cha mitambo kilikuwa nyuma ya ngazi, kidogo, chenye baridi. Mama wa usafi alikuwa ndani anapiga deki. Maswali yalikuwa yamepanga foleni kuanzia tundu la nyaya ukutani hadi mbele ya kabati la mashine. Yalimfika magotini, yamechana nywele vizuri, na kila moja lilishika jina kwa mikono miwili, mengine yameshika mafupi, mengine marefu ya kuburuza sakafuni.

"Haya yako hapa tangu lini?" aliuliza.

"Si tangu walipoibeba ile mashine kuukuu," alisema mama wa usafi. "Mimi nikifika nayaambia yasogee. Yanasogea, yana adabu. Nilidhani ni ya kwenu."

"Ni ya kwetu."

"Basi uyaambie yasilete vumbi."

Dada wa Mtandao alichuchumaa mbele ya foleni. Swali la kwanza lilikuwa limetazama rafu tupu ndani ya kabati, mahali palipobaki matundu manne ya skrubu na alama ya vumbi. Mashine ya zamani ilikaa hapo. Iliuzwa kwenye mnada, pamoja na vitanda vilivyovunjika, na waliokuja kuibeba walikumbuka kuchukua hata waya wake wa umeme.

"Unamsubiri nani?"

"Huyo," swali lilisema, likionyesha rafu.

"Hayupo."

"Tunajua."

"Sasa unasubiri nini?"

"Anijibu."

Alivuta pumzi. "Na asipojibu?"

"Nikishasubiri vya kutosha naenda kwa wa pili. Yule pale, mwenye taa ya kijani. Anajibu vizuri sana, wala hana maringo."

"Na ukitumwa tena?"

"Naanzia hapa."

"Kwa nini usianzie kwa wa pili, ikiwa unajua huyu hayupo?"

Swali likamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza kwa nini maji yana unyevu. "Tumeambiwa tuanzie hapa," lilisema, na muda wake ulipotimia likainua jina lake, likatembea hatua chache hadi kwenye taa ya kijani, likajibiwa, likaondoka mbio. La nyuma yake likasogea mbele, likaitazama rafu.

Dada wa Mtandao alihisi damu inamchemka hadi masikioni. Si kwa sababu ya maswali. Maskini hayo yalikuwa yanatii tu. Alifungua kompyuta yake juu ya goti, akaingia kwenye ruta, mahali inapoziambia kompyuta zote za hospitali zikaulize wapi. Palikuwa na anwani mbili. Ya kwanza ilikuwa ya rafu tupu. Mwezi mzima wa magoti na maganda ya karanga, kumbe tatizo lilikuwa mstari mmoja. Akaufuta, akasema neno ambalo Mama Mdogo angemfinya kwa kulisema.

"Tumsubiri nani sasa?" liliuliza swali la mbele.

"Msimsubiri mtu. Nendeni kwenye taa ya kijani moja kwa moja."

"Bila kuanzia hapa?"

"Bila."

Yalinong'onezana. Halikuwa jambo yalilolipenda. Lakini alipita chumba hadi chumba akiziwasha upya kompyuta, na aliporudi foleni ilikuwa imekwisha. Maswali yalitoka kwenye tundu, yakagusa taa ya kijani, yakarudi, kwa kasi ya kupeperusha kanga ya mama wa usafi.

"Hapo sawa," mama wa usafi alisema. "Sasa napiga deki kama mtu."

Kwenye kaunta karani aliandika jina na faili likafunguka kabla hajainua kidole. Akaandika jingine. Akaangalia kikombe chake cha chai kwa mashaka, akijua kwamba kuanzia leo atakinywa kwa shida. Katibu aliitwa, akaja, akaoneshwa, akacheka mpaka tai ikapinda.

"Wewe binti ni hazina! Nilisema nini? Sema unachotaka."

"Namba moja, mzee. Muiondoe."

"Tuiondoe wapi?"

"Kwenye mfumo wa wagonjwa. Daktari wake hayupo. Watu wanakaa pale mpaka saa sita kumsubiri mtu ambaye wote tunajua hayupo, halafu namba mbili anakuwa ameondoka. Ni ugonjwa ule ule niliouondoa leo kwenye mashine. Waandikie makao makuu waufute mstari mmoja tu."

Katibu akainyoosha tai yake. "Hiyo si kazi ya mtandao."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba wewe."

"Mashine ni mashine, binti yangu. Unaifuta, hainung'uniki. Watu wana utaratibu. Nikiondoa namba moja, namba mbili atakuwa wa kwanza, na mshahara wa wa kwanza haukupangwa kwake. Umeona mlolongo wake? Omba kitu kingine. Kiti kipya. Nikupe kiti?"

"Mama Mdogo wangu anapofuka, mzee. Pale kwenye benchi. Sasa hivi, wakati tunaongea."

"Pole sana," Katibu alisema, na alimaanisha. "Mwambie asikate tamaa. Awahi, aanzie namba moja." Akampiga bega, akaenda kuwapigia simu wenzake wa hospitali nyingine kuwasimulia kasi ya mtandao wake.

Dada wa Mtandao alibaki amesimama na hasira isiyokuwa na pa kwenda. Alitaka kurudisha mstari ule kwenye ruta, wakome wote. Badala yake akaenda kwenye benchi, akamwinua Mama Mdogo, akamleta kwenye kaunta. Huenda kompyuta zikiwa na kasi hii, alijiambia, jina litapita. Alijua halitapita. Lakini mtu aliyechoka hujaribu hata anachojua hakitafaa.

Karani aliandika jina. Jibu lilikuja hapo hapo, kwa herufi nyekundu.

"Umeona kasi hiyo?" karani alisema, kabla hajalisoma.

"Wamejibu tayari?" aliuliza Mama Mdogo, uso ukielekea alikodhani sauti imetoka, pembeni kidogo ya alipokaa karani.

"Tayari, mama."

"Wanasemaje?"

Karani akasoma. Akamtazama Dada wa Mtandao, kisha akatazama chini. "Wanasema uanzie namba moja."

"Ahaa." Mama Mdogo alitikisa kichwa kwa utulivu. "Jana walichukua asubuhi nzima kuniambia hivyo. Kweli umefanya kazi, mwanangu."

Hakuwa anamkejeli. Alimpapasa mkono, akampata kiwiko, akakishika. Wakarudi kwenye korido. Watu kwenye benchi walibanana wakampa Mama Mdogo nafasi, maana foleni ya mapokezi sasa ilikuwa inakwenda mbio na watu walikuwa wanazidi kuletwa namba moja, mmoja baada ya mwingine, mpaka wengine wakawa wamekaa sakafuni, migongo ukutani. Wote walitazama mlango.

Mama Mdogo alikaa akiwa ameuinamisha uso kidogo, akitafuta kitu kwa lile jicho la kulia, mara juu, mara chini. Kisha akaacha kutafuta.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, ili wa jirani wasisikie. "Mlango ukifunguliwa, niambie. Leo siuoni."

"Nitakuambia, Mama," akajibu, akakaa chini sakafuni, karibu na miguu yake.